Adhana anaisikia, mbona hasemi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Wete, Pemba. Huyu wa mwisho, mwanamume, atatimiza miaka mitatu mwezi wa Machi na maneno yake hayatimii kumi. Kuhesabu kwa Kiingereza anahesabu mpaka kumi, kajifunza kwenye katuni za simu, lakini maji hawezi kuyaomba. Hunivuta nguo mpaka kwenye mtungi. Alizaliwa kabla ya miezi yake, tukalazwa siku 12, akapata manjano, akachomwa sindano. Masikio sina wasiwasi nayo, maana adhana ikilia hukimbilia dirishani. Mama mkwe anasema nisiwe na pupa, baba yake naye alichelewa, alisema akiwa na miaka minne. Jirani anataka nimpeleke kwa mzee mmoja akakatwe kimeo. Mimi nimeazimia mwaka mpya ukiingia nimvushe Dar es Salaam nikamtafutie mtaalamu wa tiba ya usemi. Nauli nimeanza kuiweka. Nifanye hivyo, au nimtie skuli kwanza achangamke na wenziwe?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Hiyo nauli iache pale pale ulipoiweka, huenda ukaihitaji, lakini safari yako ya kwanza haivuki bahari. Katika barua yako nzima, maneno yaliyonishtua ni yale uliyoyaandika kwa kupita tu: kwamba masikio huna wasiwasi nayo. Mimi ninao.

Adhana hutoka kwenye kipaza sauti, juu ya mnara. Ni sauti kubwa, ya kuvuta, na imejaa irabu. Mtoto anaweza kuisikia barabara, akasikia na honi ya daladala na mlango ukibamizwa, na bado asiyapate maneno unayomwambia jikoni mkiwa wawili. Wapo watoto ambao sauti nene wanazisikia na nyembamba zinawapita. Na s, f, t, sh na ch zetu zimo katika hizo nyembamba. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "sita, saba, tisa", kinachomfikia ni kama "ia, aba, ia". Kwake yeye sita na tisa ni neno moja. Mtu aliyesikia lugha iliyotoboka hivyo tangu azaliwe, utashangaa akiamua kukuvuta nguo?

Sasa utaniambia, mbona anahesabu? Basi leo usiku akihesabu msikilize kwa makini. Zile s za "siks" na "seven" anazitamka, au anaimba tu mlio wake, unaopanda na kushuka kama wimbo? Akizitamka wazi, ni dalili njema na nitafurahi. Akiimba mlio tu, umeshapata jambo la kumwambia daktari. Kumbuka pia kwamba simu ameishika mkononi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na katuni ile ile ameiona mara mia. Wewe unamwita kutoka uani huku kuku wanalia.

Halafu kuna siku zile 12. Kuzaliwa kabla ya miezi, manjano yaliyopanda sana, na baadhi ya sindano wanazochomwa vichanga wakiwa na maambukizi, gentamisini ikiwa mojawapo, yote matatu ni mambo ambayo mtu wa kazi yangu ya tiba ya usemi akiyasikia huuliza habari za masikio kabla hajauliza jina la mtoto. Sisemi kwamba sindano ilikuwa kosa. Huenda ndiyo iliyomwokoa. Nasema mtoto aliyepita njia hiyo hupimwa usikivu hata kama anageuka akiitwa, na kwa ulivyoniandikia, wako hajapimwa.

Nikupe kisa changu, na kosa ni langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kumfundisha binti mmoja wa miaka minne kwa miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, kwa picha na vikaragosi. Alikuwa akinitazama usoni muda wote, nami nikajisifu kwamba nimempata, maana watoto wengine hata kukaa kitini hawataki. Siku moja umeme ukakatika. Chumba kilikuwa cha ndani, dirisha moja dogo, kikawa giza. Nikaendelea kusema naye, nikamtajia jina la picha aliyokuwa nayo mkononi, nikamwita. Kimya. Halafu akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba miezi mitatu yote alikuwa akinisikiliza kwa macho, anaisoma midomo yangu. Masikio yote mawili yalikuwa na ute mzito nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, mambo ya mafua yasiyokwisha. Alitibiwa masikio na maneno yakaanza kuja, mengine sikumfundisha mimi. Tangu siku hiyo simpokei mtoto bila karatasi ya kipimo.

Basi anza hivi. Wiki hii, wala si Januari, chukua kadi yake ya kliniki na karatasi yoyote ya siku zile za kulazwa, nenda kituo cha afya au hospitali ya Wete, mueleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na uombe barua ya rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo pamoja na kipimo cha usikivu. Neno "kipimo" lisisitize. Kumulika sikio kwa tochi ni jambo moja, humwonesha daktari nta, usaha au kiwambo kilichotoboka. Lakini sikio linaweza kuwa safi kama kikombe kilichooshwa na bado lisisikie. Uliza kwanza siku ya kliniki na kama mashine inafanya kazi, iwe ni hospitali ya Chake Chake, Abdulla Mzee kule Mkoani au Mnazi Mmoja Unguja. Nimeona wazazi wengi waliopanda boti wakafika siku isiyo ya kliniki. Januari ndiyo mbaya zaidi: siku ya kwanza ya mwaka ni mapumziko, tarehe 12 ni Mapinduzi, na katikati yake skuli zinafunguliwa, kila mzazi ana lake.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kuna kidude kidogo kinachowekwa mlangoni mwa sikio, kinatoa sauti, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi ambao mashine huunasa. Kuna kingine cha kubandika nyaya ndogo kichwani mtoto akiwa amelala, kuona mshipa wa fahamu unavyoitikia sauti. Kwa hicho usimlaze njiani, mfikishe akiwa na usingizi wake. Na kwa umri wa mwanao kuna cha mchezo: kila akisikia mlio anatia gololi koponi. Hicho unaweza kumzoesha nyumbani kabla ya kwenda. Chukua kopo la maziwa na vifuniko vya chupa, gonga kijiko, mshike mkono atie kifuniko. Akishauelewa mchezo, kazi ya siku ya kipimo inakuwa nyepesi.

Wakati unangoja tarehe, unaweza kumjaribu mwenyewe, ila jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo. Akiwa ameshughulika na kitu, simama nyuma yake hatua mbili, upande ambao kivuli chako hakimfikii, useme taratibu "sss", kisha jina lake kwa sauti ya kawaida. Usijifukize udi siku hiyo. Watoto wengi hugeuka kwa harufu ya mama zao, mama akashukuru kwamba mtoto kasikia.

Mama mkwe wako umstahi, na usibishane naye. Anasema kweli, wapo watoto wanaochelewa kisha wakafunguka wenyewe wakawa wasemaji kuliko ndugu zao. Tatizo ni kwamba ukimtazama mtoto wa miaka miwili na nusu kwa macho huwezi kujua ni yupi atakayefunguka na yupi atakayekwama. Na lile analolitoa kama faraja, kwamba baba yake naye alichelewa, kwetu sisi ni sababu mojawapo ya kumchunguza mapema, maana kuchelewa kusema hutembea katika ukoo. Muulize kwa upole: alipoanza kusema, skuli ilimwendeaje? Kusoma alijua darasa la ngapi? Majibu yake yaandike, mtaalamu atayataka.

Kwa kawaida, mtoto wa mwaka mmoja huwa na neno la kwanza au anakaribia, wa miaka miwili huwa na maneno kama 50 na ameanza kuyaunga mawili mawili, "mama njoo", "maji bado". Wa miaka mitatu hata mgeni wa barazani humfahamu kwa sehemu kubwa. Maneno chini ya kumi kwa umri wa mwanao ni machache kweli, hilo sikufichi. Lakini hesabu vizuri. Neno si lazima liwe kamili. Akiita boflo "bo" kila siku na kwa kitu kile kile, hilo ni neno, liandike. "Nyau" kwa paka, liandike. Kuhesabu mpaka kumi kwa wimbo usikuandike, maana hakukusudii kitu. Vivyo hivyo mtoto aliyehifadhi Alhamdu chuoni na hawezi kuomba maji. Ni kumbukumbu njema, Mungu amzidishie, ila mazungumzo ni kitu kingine.

Kinachonipa matumaini katika barua yako ni kule kukuvuta nguo mpaka mtungini. Ana haja, anajua wewe ndiye wa kumtimizia, na ametafuta njia. Nataka kujua zaidi. Akikuonesha ndege au mbuzi, hunyosha kidole kisha akakugeukia kuona kama nawe umemwona? Ukimwambia "lete kiatu chako" bila kuashiria kwa mkono wala macho, huleta? Hujifanya anapika, anamlisha mtu chai ya uongo? Huitika jina lake? Mtoto anayefanya haya yote na hasemi ni habari moja. Asiyeyafanya, au aliyekuwa na maneno yakapotea, ni habari nyingine, na huyo wa mwisho hapaswi kusubiri hata wiki, maana hapo tunafikiria usonji, hali inayomtatiza mtoto kuwasiliana na kuchangamana na watu, na mambo mengine yanayohitaji daktari wa watoto. Mchukue video ya dakika mbili akicheza na ndugu zake bila kujua. Chumbani kwa daktari watoto huwa mawe.

Kimeo usikikate. Nalisema bila kupindapinda kwa sababu najua jirani atarudi tena. Kile kijinyama kinachoning'inia kooni hakizuii neno kutoka. Ninachokijua kutokana na kukikata kwa wembe ni damu isiyokata, maambukizi na pepopunda. Pengine jirani amechanganya na udata, ule utando wa chini ya ulimi. Udata upo, na ukiwa mfupi sana huweza kumtatiza mtoto kunyonya, au baadaye kuzitamka herufi zinazotaka ncha ya ulimi ipande. Lakini mwenye udata husema, hata kama baadhi ya herufi zinamtatiza. Haumfanyi mtoto awe na maneno manane badala ya mia tatu. Daktari atautazama kwa dakika moja siku hiyo hiyo ya masikio. Kama kuna mtu nyumbani anataka kumsomea, asome, na dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi ni yetu sote. Kisomo hakigombani na kipimo. Mwenye kukuuzia chupa ya "dawa ya kusema" kwa kukuahidi siku 40, huyo mpite.

Sasa tiba yenyewe. Wazazi wengi huniletea mtoto kama anayepeleka saa kwa fundi: nikuachie, nije lini? Mimi nikimpata mara moja kwa wiki, dakika 40, nimepata muda mchache kuliko anaokaa na wewe mkichambua mchele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumfundisha mama, na baba akikubali. Ukifika kwa mtaalamu akakwambia usubiri nje kila siku, muulize kwa nini. Na kwa sababu kazi ni yako, unaweza kuianza leo bila mimi.

La kwanza, acha kumwambia "sema". "Sema maji! Sema, nitakupa!" Mtoto anageuka mshitakiwa. Chuchumaa macho yenu yawe sawa, akuone midomo, mimina maji kidogo, useme "maji", unyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, kwetu sisi watu wa maneno mengi. Akitoa chochote, hata "ji", mpe, na umrudishie likiwa limekua: "Maji. Maji baridi." Usimsahihishe. Mpe kidogo ili arudi tena. Mpe na kuchagua: "Ndizi au embe?" huku umevishika vyote viwili karibu na kinywa chako.

Pili, Kiswahili chetu kina tabia ya kubadilisha vichwa vya maneno. Leta, nimeleta, hajaleta, mletee, imeletwa. Mtoto anayetafuta pa kuanzia anaona kila mara neno limevaa kofia nyingine. Kwa hiyo kwa miezi michache msemeshe kwa maneno mafupi yaliyo wazi kichwa: njoo, kaa, shika, tia, leta, lala, basi. Akisema "taka" badala ya "nataka", mshangilie. Watoto wengi wa Kiswahili hupitia hapo, kofia huja baadaye. Na wala usihangaike na r inayotoka kama l. Hilo nina jamaa zangu wazima hawajalimaliza.

Wakati mzuri ni ule wenye kazi ya mikono inayorudiwa. Nyie Pemba mna bahati, karafuu zikiwapo. Kaa naye kwenye jamvi mnachambua: "karafuu huku, konyo huku" (konyo ni vile vijiti vyake), tena na tena, mara mia kwa saa moja bila kuchoka, kila neno likienda na mkono wake. Hakuna kadi za picha ninazoweza kununua zikashinda hilo. Zisipokuwapo, kuna kuosha vyombo, kuna kuanika nguo: shati, suruali, kanga ya bibi. Waambie na wakubwa zake wasimsemee. Mara nyingi mtoto wa mwisho huwa na makarani. Akinyosha mkono tu, dada anatafsiri, "anataka mkate". Karani apewe likizo.

Simu sikwambii uivunje. Ipunguze, na akiwa nayo ukae naye uyataje yanayopita. Lugha mbili tatu hazimcheleweshi mtoto, Kiswahili, Kiarabu cha chuoni, Kiingereza cha katuni, hakuna ubaya. Ubaya wa katuni ni kwamba ukiinyamazia nayo haikungojei.

Kuhusu skuli: atakuwa na miaka mitatu, bado mdogo kwa skuli ya maandalizi, na darasa la watoto 40 wanaoitikia kwa pamoja ni mahali pazuri sana pa kujificha kwa asiyesema. Akiwapo mwalimu karibu nawe mwenye watoto wachache na michezo, siku mbili tatu kwa wiki, mpeleke. Asipokuwapo, binamu wawili wa rika lake uani wanatosha kwa mwaka huu. Akifika umri wa kuandikishwa na bado ana shida, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitambua elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye shida asome pamoja na wenziwe, na Wizara ina kitengo cha kazi hiyo. Mwalimu mkuu asikuambie mtoto arudi nyumbani mpaka aseme.

Na Dar? Utakwenda kama kipimo kikisema uende. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache, na wengi wako mijini, kwa hiyo huenda ukavuka kwa siku chache za tathmini, ukafundishwa, kisha ukaendelea nyumbani huku ukituma video. Kukigundulika upotevu mkubwa wa usikivu, hapo safari ni ya haraka: Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na katika hilo kila mwezi wa umri una thamani yake. Kama shida ni ute wa mafua, pengine utaambiwa urudi baada ya miezi mitatu, nauli yako ikabaki.

Ukipewa karatasi ya kipimo usikubali kuambiwa "yuko sawa" tu ukaondoka. Omba nakala. Itakuwa na mstari wa sikio la kulia na wa kushoto na namba za desibeli, yaani udogo wa sauti anayoanza kuisikia. Kwa mtoto, 20 kushuka chini ni usikivu mzuri, na zikipanda juu ya hapo tuna la kuzungumza. Niandikie namba za masikio yote mawili, pamoja na orodha ya maneno yake, "bo" na "nyau" yakiwemo, na unieleze zile s za "siks" na "seven".